Viatu vilivyoungua Mahangu

Wanangu wa kamati ya wageni, amani iwe nanyi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya pili, mliniketisha kwenye benchi la wanakwaya mkaniuliza swali moja kwa midomo minane. Mumbere, mwenyekiti wenu, ndiye aliyelisema waziwazi zaidi.

"Tata Paluku, tuseme kweli. Bazungu bakuje hapa, bapige picha matope yetu na nyumba zetu za mbao, baende kule kwabo kusema sisi tuko bamaskini. Donc, hiyo inajenga inchi namna gani?"

Nilifungua mdomo kujibu, kwaya ya watoto ikaanza mazoezi, na ninyi mnajua kwamba sauti yangu haishindani tena na ngoma. Nikaahidi kuandika.

Leo ni Jumatatu. Ninaandika kwenye meza ya mke wangu, Mama Masika, mlango ukiwa wazi upande wa mashariki. Asubuhi hii mawingu yamefunguka, na mlima ambao komini yetu ya Ruwenzori, hapa mjini Beni, imechukua jina lake umeonekana wote mpaka kwenye theluji. Namshukuru Mungu kwa macho ambayo bado yanafika mbali hivyo. Nina furaha nyingine tena, na hiyo inanikataza kutulia kitini. Alhamisi mgeni wetu anafika. Ninyi mnamjua kwa jina tu, Klara, kwa sababu ya ujumbe aliomwandikia Mumbere kwenye simu. Mimi namjua kwa njia nyingine. Ni binti wa mtu niliyemuunguzia viatu.

Habari hiyo hamjaisikia. Kwa miaka mingi niliiona kuwa aibu yangu na sikumwambia mtu, hata padri nilimwambia kwa kifupi. Sasa nitaisema yote, na jibu lenu limo ndani yake.

Miaka ishirini na moja nilikuwa mpishi wa mlimani. Wageni walipotaka kupanda Ruwenzori upande wetu wa Kongo, walianzia Mutwanga chini ya mlima, na pale sisi tuliwapokea: kiongozi, wabebaji na mpishi. Siku ya kwanza tuliwafikisha kibanda cha Kalonge, ya pili Mahangu, ya tatu Kiondo, kule juu ambapo miti imekwisha na theluji iko mbele ya macho. Mizigo tuliibeba kwa mkanda wa paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba kuni. Wageni walileta mifuko yenye mikanda ya mabegani. Tuliicheka, halafu tukaizoea. Mimi mpaka mwisho nilitumia yote mawili, maana bega likichoka kichwa kinalisaidia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kasereka, kiongozi wetu. Alikuwa mtu mfupi, katekista wa zamani, mwenye miguu midogo na bote kubwa za mpira. Alizinunua kubwa kusudi. Ndani alijaza nyasi kavu, akazikanyaga mpaka zikashika umbo la mguu, na kila jioni alizitoa akatia nyingine. Sisi wengine tulikuwa na bote za kipimo chetu na vidole vya baridi. Yeye alikuwa na bote za jitu na vidole vya moto.

Kosa langu la kwanza mbele yake lilikuwa la maharagi. Niliyaleta kutoka Kipese, kwa wajomba zangu, maharagi mekundu mazuri ambayo nyumbani yanaiva upesi. Kule Kiondo niliyabandika saa sita mchana. Maji yakachemka haraka, yakaruka, yakafurahi, na maharagi yakabaki mawe. Sikujua kwamba juu sana maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Saa kumi na moja Mzee Kasereka akaonja moja, akalitoa mdomoni, akaligeuza katika vidole.

"Paluku, hii ni maharagi ao ni rozari? Niambie, nijue kama nitakula ao nitasali."

Tulisali. Tangu siku ile nilipika maharagi chini Mutwanga, nikayaponda, nikayafunga katika majani ya migomba, na juu nikayapasha tu. Nawaandikia hili kwa sababu siku moja mlima utafunguliwa tena, na mmoja wenu atakuwa mpishi. Aweke akilini pia kwamba kibiriti kinakaa katika chupa ya dawa yenye mchele kidogo, na chupa inakaa kifuani.

Kuhusu mwendo, Mzee Kasereka alitufundisha kupanda kama katika maandamano ya Mama Maria: unakwenda polepole kiasi kwamba unaweza kuimba bila kuhema. Mgeni akiacha kuongea, ujue amechoka. Usimwulize. Wewe simama, jifanye unarekebisha mzigo, ili apumzike bila kuona haya. Nimefanya vile mara nyingi sana, na hakuna mgeni aliyewahi kujua kwamba mzigo wangu ulikuwa mzima.

Sasa nije kwa Bwana Matias, baba yake Klara.

Alikuwa mtu wa Uswisi, mrefu, mwenye kimya kingi. Alitoka upande wa Uganda, ambako alikuwa amekwisha kupanda mlima huu huu kwa njia ya kule. Alikuwa anaandika kitabu cha kuwaambia wapenda milima wapandie wapi. Njia ya kule ilikuwa tayari na watu wengi, na yetu ilikuwa na wachache. Mzee Kasereka alituita kabla mgeni hajafika, akatueleza bila kuzunguka.

"Huyu mutu akiandika upande wetu haufai, batu bote batapitia kule. Sisi batu makumi tatu tutarudi kulimia bengine kahawa. Donc, mukae bazuri. Si kwa kujipendekeza. Mukae tu bazuri."

Aliyemleta kutoka mpakani Kasindi alikuwa Amisi, dereva wa Beni, Mwislamu, rafiki yangu mpaka leo. Lori lake lilikuwa la chumvi na sukari, na mgeni alikaa mbele kati ya Amisi na bidoni ya mafuta. Amisi hakuwa na imani yoyote na kazi yetu. Aliposhusha mifuko ya mgeni pale Mutwanga alinivuta pembeni.

"Weye Paluku, sukari hailalamikake barabara. Chumvi haiulizake choo iko wapi. Muletee batu bidhaa, njo maendeleo. Hii yenu ni kuhangaika na mutu muzima kama mutoto muchanga."

"Na sukari," nikamwambia, "ikifika kule inaenda, itasema nini juu ya Kongo?"

"Itasema Amisi hakuniangusha."

Siku mbili za kwanza mvua haikutuacha. Njia ya Mahangu, kwa asiyeijua, ni mizizi na matope, halafu mizizi tena. Miti imevaa ndevu za kijani, na kila tawi unaloshika linakumwagia maji katika mkono wa shati. Bwana Matias alivaa viatu vya ngozi vya mlimani, vizito, vyenye soli nene, viatu ambavyo mtu anavitazama na kuvipa heshima. Tulifika Mahangu saa nane mchana. Alivua viatu mlangoni, akaingia katika gunia lake la kulalia, akalala palepale.

Kwetu mgeni akifika na matope, viatu vyake havibaki na matope. Mama yangu, huko kwetu upande wa Butembo, aliviosha kwa maji ya moto, akavipanga juu ya chanja, pale juu ya mafiga tunapokaushia mahindi na nyama, na mgeni aliondoka na viatu vikavu vyenye harufu ya moshi. Hakuwahi kuulizwa kama anataka. Hiyo ndiyo heshima, mtu haombwi ruhusa ya kuheshimiwa. Basi nikaviona viatu vile vimelala mlangoni vikilia maji, nami nilikuwa mtoto wa mama yangu. Nikaviosha. Nikafunga chanja ya fito juu ya moto wa jikoni. Nikavipanga pua kwa pua. Nikaongeza kuni, kwa sababu baridi ilikuwa nyingi na upendo wangu pia ulikuwa mwingi, nikachukua bidoni nikashuka mtoni.

Mto wa Mahangu hauko karibu. Nilipokuwa napanda na maji, harufu ilinipokea njiani.

Kiatu cha kushoto kilikuwa kimeachia soli yake yote. Ilikuwa imeyeyuka gundi, ikaangukia motoni, inawaka kama mshumaa wa Pasaka. Cha kulia kilikuwa kimekauka na kujikunja kama samaki wa Ziwa Edouard, hata mkono wa mtoto usingeingia. Nilisimama na maji yangu. Nilifikiria wabebaji wenzangu makumi matatu, nikafikiria kahawa ya watu.

Mzee Kasereka aliingia, akaangalia chanja, akaniangalia mimi.

"Mzee," nikanong'ona, "nitasema nyani ameviiba. Hapa nyani iko. Bazungu banajua nyani anaibaka."

"Nyani anavaa namba ngapi?"

Nikaweka maji chini.

"Paluku, sikia. Akiandika mupishi aliunguza biatu, hiyo itakuwa kosa ya Paluku. Akijua mupishi alimudanganya, hiyo hataandika ni ya Paluku. Ataandika ni ya inchi. Enda umwambie. Enda sasa, mbele hajauliza."

"Nimwambie nini? Atanipiga."

"Akikupiga utakuwa umepigwa. Enda."

Nilikwenda na kiatu kimoja mkononi, kile cha samaki. Kifaransa changu siku ile kilinikimbia chote, nikabaki na maneno ya mtoto wa darasa la kwanza: Bwana, viatu vyako vimeungua, ni mimi. Bwana Matias aliketi. Alikishika kiatu, akajaribu kukifungua kwa vidole, kikakataa. Halafu akasema polepole kwamba basi, safari imekwisha, kesho tunashuka. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Kisha akaniuliza kwa nini nimeviweka juu ya moto. Nikamweleza habari za mama yangu na chanja. Akauliza, mama yako aliwafanyia wageni wote vile? Nikasema wote, hata mkusanya kodi. Alichukua daftari lake akaandika. Nilijua ananiandika mimi, na nchi yangu pamoja nami.

Mzee Kasereka alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaketi juu ya gogo, akavua bote yake ya kulia, akaanza kuitoa nyasi. Alitoa fungu moja, akatoa jingine, mpaka sisi wenyewe tukashangaa kwamba kiatu kimoja kinameza malisho ya mbuzi. Akaisukuma mbele ya mgeni.

"Vaa."

Bwana Matias alitia mguu, nao ukaingia kama ulikuwa umepimwa. Akauliza, "Na wewe?"

"Miye niko na miguu."

Asubuhi yake Mzee Kasereka alipasua gunia la viazi, akazungushia miguu vipande vyake, akavifunga kwa kamba juu ya sandali za tairi, na tukaendelea kupanda. Wanangu, kutoka Mahangu kwenda Kiondo kuna matope ambayo yanafika gotini na yana baridi ya theluji. Bote za mpira ziliyavuka. Viatu vya ngozi vingekunywa maji tangu dimbwi la kwanza, na Bwana Matias, aliyejua viatu kuliko sisi, aliliona hilo mapema. Adhuhuri alisimama katikati ya matope akaanza kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia. Alisema angekuwa na viatu vyake, sasa angekuwa amelowa mpaka mapajani.

Tukafika Kiondo, na jua likatoka. Theluji ilikuwa mbele yetu, karibu kama ukuta wa nyumba ya jirani, na chini yake ziwa jeusi. Mgeni aliondoa kofia. Sikumtazama sana, kwa sababu nilikuwa namtazama Mzee Kasereka. Alikuwa ameketi nyuma ya kibanda, amefungua magunia. Miguu yake ilikuwa imevimba na kuwa myekundu, ile miguu midogo. Nikapasha maji katika sufuria yangu ya maharagi.

"Wacha, Paluku. Hiyo ni sufuria ya chakula."

"Nitaiosha, Mzee."

"Wacha, nasema."

Sikuacha. Nilimwosha, nikamkausha na shati langu. Tangu wakati ule, kila Alhamisi Kuu padri anapoinama kuosha miguu ya wale watu kumi na wawili, mimi nipo Kiondo.

Tuliposhuka Mutwanga, Bwana Matias alivua bote azirudishe. Mzee Kasereka akakataa kuzipokea. Mgeni akafikiri anapewa zawadi, akaanza kushukuru.

"Hapana," akasema Mzee Kasereka. "Sikukupa. Nimekuazima. Utazirudisha weye mwenyewe."

Amisi akampeleka Kasindi hivyohivyo, amevaa bote za mpira, na wabadilishaji fedha wa mpakani wakamwuliza Amisi kama siku hizi wazungu wanakuja kukamua ng'ombe. Juma lililofuata Amisi alinikuta sokoni Beni. Alizungukazunguka kwanza, akauliza habari za mama, habari za shamba. Mwishowe akasema, "Ule mugeni wako, njia yote alikuwa anacheka peke yake." Akageuka aende zake. "Sukari haichekake."

Mwaka uliofuata wageni wengine walifika, halafu wengine, na karibu wote waliuliza kitu kimoja kabla ya kuuliza bei: bote za kuazima ziko wapi? Katika kitabu chake Bwana Matias alisema njia yetu ni ngumu na ina matope kuliko ile nyingine, na kwamba mtu aje na miguu yake tu, watu wa huko watamvika. Mzee Kasereka akafungua chumba cha bote pale Mutwanga, zimepangwa kwa namba. Na nani alizileta kutoka Kasindi juu ya lori? Amisi. Alipata bidhaa yake.

Hayo ndiyo maendeleo niliyoyaona kwa macho, Mumbere. Hayakuwa makubwa. Viazi na kabichi za nyanda za juu vilipata mnunuzi. Watoto wa wabebaji walisoma, nami niliwasomesha wangu kwa sufuria. Barabara ilichongwa, na ikichongwa mgeni hapiti peke yake, mama mjamzito pia anapita. Sitawaficha mabaya. Alikuja mgeni mmoja aliyempiga picha mtoto wa jirani aliyekuwa uchi bila kumsalimu hata mama yake, na Mzee Kasereka akaziba kile chombo kwa kofia yake, akamwambia kwa upole, "Salamia kwanza." Na sisi wenyewe tulianza kuharibika, tukafika mahali wabebaji waliimba tu wakiona kamera. Mzee alisimamisha msafara mzima siku moja, akatuambia tuimbe na hakuna picha. Ilikuwa vigumu kuanza.

Halafu ikaja miaka mibaya ya vita. Mnaijua, mmezaliwa ndani yake. Mlima ulifungwa, chumba cha bote kikaporwa. Kwa muda mrefu wageni wa pekee tuliowaona, watu wa misaada, walikuja kwa sababu ya shida zetu, na magari yenye nyaya ndefu juu na fulana zenye mifuko mingi. Wengi walikuwa watu wema na Mungu awalipe. Lakini ni kitu kigumu, wanangu, kutembelewa kwa sababu ya maumivu tu. Mtu mwenyewe anaanza kujiona jeraha. Mzee Kasereka alifariki katika miaka hiyo, tukamzika Mutwanga. Siku zake za mwisho aliniuliza mara mbili kama kuna habari za bote zake. Nilisema bado.

Ndiyo maana Mumbere alipoweka kwenye simu ile picha ya zamani, mimi na Mzee na sufuria, na baada ya wiki chache mwanamke akaandika kutoka Uswisi kwamba anazijua sura hizi kutoka ukutani kwa baba yake, nilikaa chini nikalia, na Mama Masika akafikiri kuna msiba.

Mnakumbuka yaliyofuata. Klara aliuliza kama aje na kama njia ni salama. Mumbere alikwisha kuandika jibu lake, lilisema karibu sana, hapa hakuna shida yoyote. Nikamwambia afute.

"Tata, tukiandika yote hatakuja. Na taswira ya inchi?"

"Asipokuja, atakuwa muzima kule kwabo. Andika."

Tukaandika kwamba mlima haupandwi kwa sasa. Kwamba barabara ya Kasindi ina siku zake za kupitika, na siku hizo anazijua Amisi, kwa hiyo atamngojea yeye na si mwingine. Kwamba tunaweza kumpokea Beni, na Butembo njia ikiruhusu, na kwamba tukimwambia asubuhi geuka, atageuka. Siku nne hakujibu. Mumbere alinisalimu siku hizo kana kwamba nimevunja harusi yake. Siku ya tano Klara akaandika kwamba anakuja, na kwamba kati ya watu wote aliowauliza, ni sisi tu tuliomwambia tusiyoweza.

Naishia hapa. Mama Masika anataka meza yake.

*

Ni Ijumaa. Amefika.

Gari liliingia uani jana saa tisa mchana. Mtoto wa Amisi ndiye anayeendesha sasa, lakini Amisi mwenyewe, na macho yake mabovu, alikuwa ameketi mbele, maana hakukubali mgeni huyu apite mikononi mwa mwingine. Alishuka wa kwanza akishika mlango.

"Paluku, nimekuletea bidhaa. Nakuonya, hii inacheka kama baba yake."

Klara ni mrefu kama baba yake lakini hana kimya chake. Mvua ilikuwa imewanyeshea tangu Kasindi, na mlangoni akavua viatu vyake vya matope. Kabla sijamaliza kumsalimu, Mama Masika alikwisha kuviinamia, na nikaona anaelekea jikoni.

"Mama Masika. Jua. Weka ku jua."

"Jua iko wapi na hii mvua?"

"Basi vikae na maji."

Mumbere, aliyekuwapo kumpokea, alitaka kumtafsiria mgeni, lakini Klara alikuwa amekwisha kuelewa kutoka kwenye uso wangu. Alicheka mpaka akaketi. Kisha akatupa salamu za baba yake, ambaye Mungu amempa uzee mwema lakini magoti yamemkataza. Alisema baba anamwomba Mzee Kasereka asikasirike kwa kuchelewa.

Ilibidi nimwambie. Alinyamaza, na katika kunyamaza ndipo nilipomwona Bwana Matias. Halafu akafungua mfuko wake mkubwa akatoa bote mbili nyeusi, mpira umechakaa magotini, zimepakwa mafuta ili zisipasuke. Akaziweka mbele ya miguu yangu. Alisema, na Mumbere akatafsiri polepole, kwamba tangu akiwa mtoto zimesimama karibu na mlango wa nyumba yao, na hakuna aliyeruhusiwa kuzivaa kwa sababu si za kwao. Kila aliyeingia pale aliuliza habari zake. Watu wa kule walisikia jina la Kongo siku zote na bunduki ndani yake, na wakifika mlangoni kwa baba yake walisikia habari ya mtu aliyevua bote katika baridi, akatoa nyasi alizozijaza ndani yake, na ya mpishi aliyekuja na kiatu mkononi kabla ya kuulizwa.

Mumbere alipomaliza kutafsiri maneno hayo, hakuniangalia.

Nikamwambia Klara kwamba njia ya Mutwanga ikifunguka kwake, tutakwenda kusali kaburini. Leo ni Beni tu. Asubuhi hii alitaka kutembea mpaka kile kilima cha nyuma ya parokia, mahali mlima unapoonekana wote, na Mumbere ndiye wa kumwongoza. Mvua ilikuwa imenyesha tena, njia ni matope tupu, na kijana wetu alifika hapa na viatu vyeupe vya kitambaa. Nikazichukua bote nikazisukuma mbele yake, kama nilivyoona zikisukumwa zamani.

Alivua viatu vyake, akatia miguu, akapiga hatua mbili. Ziligonga pande zote.

"Tata, ni zikubwa."

Alizitazama miguuni mwake, akazivua, akatoka nje peku kutafuta nyasi kavu chini ya paa la ghala.